Taa za Msimu: Namna ya Kuzitia Umeme na Kuziweka

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita tulizitoa ghalani taa sita za chama, na nne hazikuwaka. Kazi ya kuchambua ilisimama usiku ule, na kila mkulima anajua kwamba karafuu zikilala mafungu na makonyo yake huvunda, na bei hushuka. Taa hizo hazikuvunjika; ziliharibika kwa kukaa tu. Kosa ni letu tulioziweka.

Dawa yake tuliipata tulipokwenda Tabora kuwatembelea warina asali. Burton na Speke walipita njia ya misafara wakiondoka pwani Juni 1857, wakafika huko Novemba. Sisi tulikwenda kwa reli, iliyofika Tabora mwaka 1912. Warina asali hufanya kazi usiku, nao hukaa porini siku nyingi, mbali na umeme. Taa zao huzijaza kwa jua, na huziweka kutoka msimu hadi msimu kama sisi. Neno lao la kwanza lilikuwa hili: ijue betri yako ni ya aina gani.

Ya kwanza ni betri ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Hii huwekwa imejaa. Ikiachwa tupu, chumvi ya risasi huganda juu ya mabamba yake, nayo haipokei umeme vizuri tena. Yafaa ijazwe kila mwezi hata kama haitumiki. Taa zetu nne zilikuwa za aina hii, nasi tuliziweka tupu.

Ya pili ni ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, nayo imo katika taa nyingi mpya. Hii huwekwa ikiwa na nusu ya nguvu zake. Ikikaa imejaa kwa miezi mingi huchakaa upesi. Ikiisha kabisa huweza kufa. Itazamwe kila miezi mitatu.

Ya tatu ni ya nikeli, yenye umbo la betri za kurunzi. Nyingi hupoteza umeme zenyewe zikiwa zimekaa. Zitolewe ndani ya taa, na zijazwe siku moja kabla ya kazi.

Zote zina adui mmoja, nalo ni joto. Tabora huacha bamba la jua juani, na taa yenyewe wakaivutia waya hadi kivulini. Basi tusiweke taa chini ya bati, bali mahali pakavu penye ubaridi. Huku kwetu hewa ina chumvi, kwa hiyo ncha za betri zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Kila betri itumie chaja yake. Chaja ya risasi ikitiwa betri ya lithiamu huweza kuleta moto. Tusijaze taa juu ya kitanda wala karibu na majamvi ya karafuu. Betri iliyovimba isitumike, isitobolewe, wala isitupwe motoni.

Wazee walisema akiba haiozi. Akiba ya betri huoza isipotazamwa. Kwa hiyo kila taa ya chama sasa ina karatasi yenye aina ya betri na tarehe ya kujazwa. Tunawaomba wanachama wafanye vivyo hivyo majumbani, ili msimu ukija, inshallah, usitukute gizani.

Katibu wa Chama