Kapolowe: Watu wa Maji na wa Shaba

Kila msafiri anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi anajua alama moja ya njia: kabla ya kufika Likasi anavuka mto Lufira, na pale anasikia jina la Kapolowe. Wauzaji wanakuja mbio na samaki mikononi, wabichi na wa kukaushwa. Msafiri anauliza bei, ananunua, anaendelea na safari. Mara chache anajiuliza: samaki hawa wote wanatoka wapi, katika nchi ambayo dunia yote inaijua kwa sababu ya shaba? Tunataka kujibu ulizo hilo, maana jibu lake ndilo historia ya Kapolowe.

Mto na mpaka

Mto Lufira unaanzia kusini, karibu na mpaka wa Zambia, halafu unashuka kaskazini mpaka kuingia Lualaba. Mpaka wenyewe ulichaguliwa kwa kufuata maji. Mwaka 1894 Waingereza na Leta ya mfalme Leopold II walipatana kwamba upande huu mgongo wa nchi unaogawa mito uwe mpaka. Maji yanayoshuka kuelekea Lufira na Lualaba yakawa ya Kongo; yanayoshuka kuelekea Kafue na Zambezi yakawa ya nchi tunayoiita leo Zambia. Hakuna aliyewauliza Balamba, ambao siku moja walijikuta pande zote mbili: mjomba huku, mpwa kule.

Katika bonde la Lufira, Basanga ndio wenyeji wa zamani. Wazee wao waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo na kuimimina kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikwenda mbali kwa biashara. Wenye kazi hiyo waliitwa balya mukuba, maana yake wanaokula shaba. Ndiyo kusema, walipata chakula kwa shaba. Chini zaidi mtoni, kule Mwashya, watu walichota chumvi ambayo nayo ilitafutwa mbali. Halafu katika karne ya 19 Bayeke walitoka mashariki, na mkubwa wao Msiri akajenga mji wake Bunkeya. Basanga walilipa kodi miaka mingi, mpaka walipomwasi mwaka 1891. Tarehe 20 Desemba ya mwaka ule Msiri aliuawa na watu wa Leta, na nchi ikapata bwana mwingine.

Kapolowe mbili

Mgeni anaposema “ninakwenda Kapolowe”, wenyeji wanamwuliza: Kapolowe gani? Kuna Kapolowe-Gare na kuna Kapolowe-Mission. Ya kwanza ni binti wa njia ya chuma. Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1913 ilifika Kambove, na mwaka 1918 Bukama. Lazima ivuke Lufira, na pahali pa kuvukia pakawa stasioni, na stasioni ikazaa soko.

Ya pili ni binti wa misioni. Wabenedikti wa Saint-André walifika Katanga mwaka 1910, wakubwa wao wakiwa chini ya Jean-Félix de Hemptinne. Kapolowe ikawa moja ya misioni zao, na kama desturi ya misioni za wakati ule, pamoja na kanisa kulikuwa shule na nyumba ya wagonjwa. Watu walikuja kujenga karibu. Hivi mji mmoja ukawa na mioyo miwili: mmoja unapiga wakati treni inapopita, mwingine wakati kengele inapolia.

Ziwa lililotengenezwa

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Union Minière ilikuwa na haja ya umeme kwa viwanda vyake vya shaba. Mbele, kule Mwadingusha, Lufira iliporomoka kutoka juu sana, katika maporomoko ambayo Wabelgiji waliyapa jina la Cornet. Wakajenga ukuta wa kuzuia maji juu ya maporomoko, na mashine zikaanza kutoa umeme mwaka 1930.

Mto uliozuiwa unatafuta pahali pa kulala. Maji yalirudi nyuma, yakatanda juu ya bonde, yakafunika majani na miti zaidi ya kilometa mraba 300. Ndilo ziwa tunaloliita Tshangalele. Halina kina kirefu. Pahali pengi ni meta mbili au tatu tu. Jua linafika chini, majani yanaota, na samaki wanapata chakula na pahali pa kuzalia.

Wahandisi hawakuwaza samaki. Walihesabu nguvu za umeme. Lakini watu wa bonde walitazama maji, wakachonga mitumbwi, wakafuma nyavu. Watu wa makabila mengine walikuja pia. Wafanyakazi wa Likasi walipata samaki wa kula na bukari yao, na ziwa la mashine likawa shamba la watu. Mwaka 1982 bonde la Lufira liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya nchi za kulindwa pamoja na wanyama, mimea na watu wake.

Siku za vita na siku za njaa

Daraja linaleta mkate, linaleta pia askari. Wakati Katanga ilipojitenga, mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizungukwa Jadotville, ndiyo Likasi. Wenzao waliotumwa kuwasaidia walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Mwanzoni mwa Januari 1963 daraja lilikuwa limekwisha kubomolewa, lakini askari wa India walivuka mto, na tarehe 3 waliingia Jadotville. Mwezi ule ule kujitenga kukaisha.

Kuliko vita, watu wanakumbuka zaidi njaa iliyokuja pole pole. Gécamines, iliyochukua pahali pa Union Minière mwaka 1967, ilianza kuanguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi. Baba aliyezoea kupokea mshahara na unga alilazimika kutafuta jembe, makala au wavu. Wengine walielekea ziwani. Ziwa likawalisha, lakini wavuvi wakawa wengi, matundu ya nyavu yakawa madogo, na watoto wa samaki wakavuliwa kabla ya kuzaa.

Adui wa pili haonekani kwa macho. Mto Panda unapita Likasi, penye migodi na viwanda, na maji yake yanafika Lufira na ziwa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima bonde la juu la Lufira, na mwaka 2010 walitangaza kwamba walikuta madini kama shaba na kobalti katika viumbe vya majini, na samaki pia. Hapo zamani wazee walikula kwa shaba. Je, watoto wetu watakula shaba yenyewe, ndani ya samaki?

Hesabu ya haki

Mitambo ya Mwadingusha ilitengenezwa upya, na mwaka 2021 ilirudi kutoa umeme kwa nguvu, kwa msaada wa kompani za mgodi wa Kamoa-Kakula. Hilo ni jema. Nchi bila umeme haiendelei. Lakini wasomaji wetu watambue: kwa mara ya pili Lufira inafanyishwa kazi ya shaba. Mara ya kwanza, wenye kuhesabu waliwasahau watu wa bonde. Leo hatuna tena ruhusa ya kusahau, maana tunajua.

Basi, mwenye kiwanda asafishe maji yake kabla ya kuyatupa mtoni. Mwenye mamlaka apime samaki na kuwaambia watu ukweli. Mvuvi naye aache wavu wenye matundu madogo, maana anayevua mtoto wa samaki anamwibia mtoto wake mwenyewe. Na sisi tunaovuka daraja lile, tunaponunua samaki wa Kapolowe, tusishindane tu juu ya bei. Tumwulize mama anayeuza: maji yenu yako namna gani mwaka huu? Yeye anajua, maana ndiyo anayokunywa.