Safari ya Uhura haikuishia 1969

Septemba 8, 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kwa mara ya kwanza tamthilia ya Star Trek, na usiku huohuo Kiswahili kikasikika angani. Zimwi lenye njaa ya chumvi linajigeuza kijana mweusi mtanashati, linamvizia Luteni Uhura ndani ya chombo cha Enterprise na kumsemesha kwa Kiswahili. Matamshi ni ya kuungaunga, lakini dada wa watu analainika, nusura anase.

Uhura aliigizwa na Nichelle Nichols, na jina hilo lilichotwa kwenye neno uhuru. Ilikuwa miaka ya kupandisha bendera: Tanganyika 1961, Kenya 1963. Mwanamke mweusi mwenye cheo, anayeshika mawasiliano ya chombo kizima, hakuwa jambo dogo kwenye televisheni ya Marekani. Nichols alipotaka kuacha kazi, Martin Luther King mwenyewe alimsihi abaki.

Tamthilia ilipokaribia kukatwa baada ya msimu wa pili, watazamaji waliandika barua kwa maelfu, ukapatikana msimu wa tatu. Kisha ikakatwa kweli. Kipindi cha mwisho kati ya 79 kilirushwa Juni 3, 1969, wiki saba tu kabla binadamu hajakanyaga mwezi. Hesabu za matangazo zilishinda.

Lakini vituo vidogo viliendelea kurudia vipindi vilevile, na miaka ya 1970 mashabiki wakaongezeka kuliko wakati tamthilia ikiwa hai. Barua zao ndizo zilizofanya chombo cha kwanza cha NASA cha aina ya space shuttle, kilichokuwa cha majaribio, kipewe jina la Enterprise mwaka 1976. Kampuni ya Paramount ilikuwa ikiandaa tamthilia mpya; Star Wars ilipovuna fedha mwaka 1977, mpango ukageuzwa kuwa sinema. Ilitoka Desemba 7, 1979, ikiongozwa na Robert Wise, na Uhura akarudi kwenye kiti chake. Wengi waliilaumu kwa kujikokota. Mimi naupenda utulivu wake: kamera inavyoizunguka Enterprise taratibu, watu waliosubiri miaka 10 walistahili kuitazama hivyo.

Muda wote huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni; ilianza 1994, ingawa Zanzibar waliipata 1973. Hadithi za mbali zilitufikia kwenye vibanda vya video, baadaye zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu. Leo hapa Dodoma kijana anajaziwa sizoni nzima kwenye flashi, na ikikatwa katikati anauliza muendelezo kwa hasira kana kwamba amedhulumiwa. Hasira hiyo ni mtaji, ila tunaitumia kwa hadithi za wengine tu.

Yetu zipo. Katama Mkangi wa Kenya, katika riwaya ya Walenisi ya 1995, alimrusha Dzombo angani hadi kwenye jamii yenye haki. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya pia, alitoa Pumzi, filamu ya dakika kama 20 kuhusu dunia baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Asha anapata udongo wenye unyevu, mbegu inachipua, anatoroka kwenda kuipanda jangwani na kuinywesha tone lake la mwisho.

Nani angeielewa filamu hiyo kuliko mtu wa Dodoma? Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mji umeishi miaka mingi kwa visima vya Makutupora. Ugogoni mama anafukua mchanga wa korongo kavu, anasubiri maji yajikusanye, anayachota kwa kata. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo, kamera ziko kwenye simu zetu. Nataka muendelezo wa Asha upigwe huku, kwenye korongo lile, Asha akimkuta mama yule na ndoo yake.