Shule Zifunguliwe Lini? Funzo la Milima ya Usambara

Ugonjwa wa kuambukiza unapoingia nchini, swali la kwanza huwa ni namna ya kuuzuia. Swali la pili, ambalo mara nyingi huleta ubishi mkubwa zaidi, ni lini watu warudie shughuli zao. Mwaka 2020 swali hilo liliigusa shule kuliko mahali pengi. Viongozi, vyama vya siasa, wazazi na waganga walitoa majibu yaliyopingana. Wilaya ya Lushoto ni mahali panapofaa kulipima swali hilo, kwa kuwa wakazi wake walikwisha kuishi na maradhi ya mlipuko muda mrefu kabla ya korona.

Tauni milimani

Mwaka 1980 tauni ilizuka katika Usambara Magharibi, na kwa zaidi ya miaka ishirini iliendelea kurudi vijijini. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na mamia walifariki. Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Yersinia pestis, ambaye huishi katika panya na kuhamishwa na viroboto. Kiroboto aliyemnyonya panya mgonjwa humwuma mtu, na baada ya siku chache tezi za kinenani au kwapani huvimba. Isipokuwa ile ya mapafu, tauni haienei kwa pumzi.

Wataalamu waliochunguza ugonjwa huo Lushoto waliona kwamba wanawake na watoto ndio walioathirika zaidi. Nyumbani, ambako nafaka huhifadhiwa na panya huifuata, mtoto alalaye sakafuni yumo hatarini. Kwa hiyo kufunga shule peke yake hakumwepushi mtoto na kiroboto. Huenda kukamweka karibu naye zaidi. Kinachofaa ni kuua viroboto kwanza, kisha panya, na kumpa mgonjwa dawa mapema.

Virusi vya korona hufuata njia nyingine. Hutoka kwa pumzi ya mtu na kuingia kwa pumzi ya mwenziwe, hasa katika chumba kilichojaa watu na kisicho na hewa ya kutosha. Hapa darasa na bweni ndipo penye hatari. Kanuni, basi, ni moja: hatua ya kuzuia ugonjwa haina budi kufuata njia ya ugonjwa wenyewe.

Kufungwa kwa shule

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi sekondari, kwa siku 30. Baadaye muda huo ukaongezwa.

Amri hiyo ilikuwa na matokeo yasiyo dhahiri kwa haraka. Shule ya bweni ikifungwa, wanafunzi waliokuwa wamekusanyika mahali pamoja hutawanyika kwa mabasi hadi mikoa mingi. Ikifunguliwa, hukusanyika tena kutoka huko huko. Kufunga na kufungua, kote kuwili ni safari, na safari yahitaji uangalizi.

Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Lakini mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na mlima huyazuia kama ukuta uzuiavyo mwanga. Mwanafunzi aliye mgongoni mwa mlima aweza kusikia somo vizuri, na mwenzake aliye bondeni asisikie ila mkwaruzo. Kwa njia hiyo hata umbo la nchi huongeza tofauti baina ya wanafunzi.

Ubishi wa kufungua

Mapema Mei, 2020, chama cha CHADEMA kiliwataka wabunge wake wasihudhurie vikao kwa kuhofia maambukizo. Spika Job Ndugai akawataka warudi. Rais John Magufuli, kwa upande wake, alisema kwamba hofu ni hatari kuliko ugonjwa, na kwamba uchumi hauwezi kusimama. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule zote tarehe 29 Juni.

Kwa mwanasayansi, jambo zito zaidi lilikuwa hesabu. Tarehe 29 Aprili, 2020, zilitangazwa jumla ya wagonjwa 480 na vifo 16. Baada ya hapo Serikali ya Muungano haikutoa hesabu mpya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Rais aliishuku maabara, akieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilionyesha ugonjwa. Kuushuku mzani si kosa. Ndiyo desturi ya sayansi. Lakini mzani ukishukiwa hukaguliwa, na upimaji hurudiwa. Bila hesabu, aliyesema shule zifunguliwe na aliyesema zisifunguliwe wote walibaki bila uthibitisho.

Jirani zetu walichagua njia nyingine. Kenya iliwarudisha baadhi ya wanafunzi Oktoba, 2020, na wote Januari, 2021. Uganda ilifungua kidogo kidogo, ikafunga tena Juni, 2021, na haikufungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari, 2022. Maelfu kwa maelfu ya watoto huko walikaa nje ya darasa karibu miaka miwili.

Gharama ya kukaa nyumbani nayo haikugawanyika sawa. Msichana wa Tanzania aliyepata mimba wakati shule zimefungwa hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, kwa maana katazo hilo liliondolewa Novemba, 2021 tu. Kwake yeye, kufungwa kwa miezi mitatu kungeweza kuwa kufungwa kwa daima.

Sayansi yaweza kueleza ugonjwa unapita wapi, unamdhuru nani zaidi, na hatari imepanda au imeshuka. Haiwezi peke yake kuamua kama afya ya mwalimu mzee ina thamani kuliko mwaka wa masomo wa mwanafunzi. Hilo ni shauri la watu wote, na siasa ndiyo njia ya kulijadili. Lakini mjadala wa haki huanza pale kila mmoja anapoziona hesabu zile zile.