KIDONDA CHA MGUU KISICHOPONA

Ndugu zangu, wapo kati yetu watu, hasa akina mama waliozaa mara nyingi na wazee, wenye kidonda juu ya kifundo cha mguu kisichopona kwa miezi, hata miaka. Wengine husema wamerogwa. Wengine hufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Lakini mara nyingi shida haiko kwenye ngozi. Iko ndani, katika mishipa ya damu.

KINATOKA WAPI?

Damu ikishafika miguuni lazima ipande tena kwenda moyoni. Hupanda katika mishipa yenye vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Tukitembea, misuli ya shavu la mguu huikamua damu iende juu. Vilango vikilegea, damu hujaa mguuni. Mishipa huvimba na kujipinda kama kamba chini ya ngozi. Jioni mguu huwa mzito na kuvimba. Ngozi ya kifundo, hasa upande wa ndani, huwasha, hukakamaa na kuwa nyeusi zaidi. Hapo mkwaruzo mdogo wa kuni hugeuka kidonda kikubwa.

Mimba nyingi, uzee, unene, kusimama muda mrefu, na mguu uliowahi kuvunjika au kuganda damu huongeza hatari.

TUFANYE NINI?

1. Nenda zahanati kwanza. Kidonda kikizidi wiki 2, kionyeshe. Vidonda vya magonjwa mengine hufanana na hiki. Daktari ataangalia kama damu inafika vizuri kwenye unyayo, na kama una ugonjwa wa sukari. Usijifunge bendeji ya kukaza kabla ya kupimwa. Mtu ambaye damu haimfiki vizuri mguuni anaweza kupoteza mguu kwa bendeji hiyo.

2. Safisha kidonda. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifunike kwa shashi safi. Usitie majivu, samadi, spiriti wala unga wa kapsuli. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

3. Funga bendeji. Hii ndiyo tiba kubwa, maana huizuia damu isijae mguuni. Muuguzi atakufundisha. Hufungwa asubuhi kabla mguu haujavimba, kuanzia karibu na vidole, kupita kisigino, hadi chini ya goti. Ikaze zaidi kifundoni, na ilegee kidogo kadiri inavyopanda. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi au vikiuma sana, fungua mara moja urudi zahanati.

4. Inua mguu. Lala chali, weka miguu juu ya gunia lililojazwa nguo, iwe juu kuliko moyo. Fanya hivyo nusu saa, mara 3 au 4 kwa siku. Usiku pia.

5. Tembea. Kutembea ni kuzuri, kusimama tuli ni kubaya. Kwenye foleni ya maji au ya mgao, nyanyua visigino na kuvishusha mara nyingi. Kama una mtu wa kukuwakilisha, mweleze kiongozi wa mtaa wako mapema.

Usikate tamaa. Kidonda kinachofungwa bendeji vizuri mara nyingi hupona katika miezi 3 hadi 6. Kikishapona, vilango bado vimelegea. Kwa hiyo endelea kuvaa bendeji au soksi za kukaza mchana, paka ngozi mafuta isipasuke, na vaa viatu.

KIMBIA ZAHANATI UKIONA HAYA:

- Homa, au wekundu, joto na maumivu yanayoenea kuzunguka kidonda.
- Kidonda kinanuka, kinatoa usaha mwingi, au kina nyama inayoota pembeni.
- Shavu la mguu mmoja limevimba ghafla na linauma. Kama na pumzi inabana, mgonjwa abebwe, asitembee.
- Mshipa umepasuka. Mlaze mgonjwa, inua mguu juu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuachia, kisha mpelekeni.

Mwenye kidonda asijifiche nyumbani kwa kuona haya. Jirani mwenye habari hii amsomee asiyejua kusoma.