Kichujio cha LC

Kichujio cha LC ni sakiti ya umeme inayopitisha masafa fulani na kuzuia mengine. Jina lake linatokana na alama za sehemu zake mbili: L ni koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, C ni kapasita, yaani mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami. Mnamo 1915 George Campbell wa Marekani na Karl Wagner wa Ujerumani, kila mmoja peke yake, walibuni vichujio vya namna hii kwa ajili ya simu.

Jinsi kinavyofanya kazi

Koili hupinga mabadiliko ya mkondo, hivyo masafa yakipanda ukinzani wake huongezeka. Kapasita ni kinyume: masafa yakipanda ukinzani wake hupungua, na mkondo mnyoofu haipitishi. Kwa kila koili na kapasita kuna masafa ambapo ukinzani wa sehemu zote mbili hulingana:

f = 1 ÷ (2π√(LC))

Zikiunganishwa kwa mfuatano, masafa hayo hupita kwa urahisi. Zikiunganishwa sambamba, huzuiwa.

Kwa mfano, koili ya milihenri 1 ina ukinzani wa omu 0.3 hivi kwa hezi 50, lakini omu 628 kwa kilohezi 100. Kapasita ya nanofaradi 2.53 ina omu zaidi ya milioni 1 kwa hezi 50, na omu 629 hivi kwa kilohezi 100. Zikiwekwa sambamba, umeme wa hezi 50 hupita ndani ya koili bila shida, ilhali mawimbi ya kilohezi 100 hukuta ukuta.

Matumizi

Njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Kidatu hupita Iringa na Mufindi hadi Mbeya. Katika njia ndefu za aina hii, waya uleule unaweza kubeba umeme pamoja na mawasiliano ya vituo vya kupozea umeme, kwa masafa ya makumi hadi mamia ya kilohezi. Koili kubwa yenye umbo la pipa, ikiwa na kapasita sambamba, huwekwa pale waya unapoingia kituoni. Bila hiyo ishara huvujia kwenye transfoma, na amri ya kukata umeme wakati wa hitilafu inaweza isifike upande wa pili. Siku hizi njia nyingi hutumia nyuzi za kioo badala yake.

Vichujio vya LC hutumika pia:

- katika redio, kuchagua stesheni moja kati ya nyingi;
- katika mitambo ya kurushia matangazo, kuondoa masafa yasiyotakiwa yanayoingilia stesheni nyingine;
- katika inveta za umeme wa jua, kulainisha mkondo geu. Inveta isiyo na kichujio kizuri hupasha moto mota na kuleta mikwaruzo redioni.