Mkazo Katika Vielezi Virefu vya Kiingereza

Neno 'unconstitutionally', maana yake kinyume cha katiba, huwatisha wanafunzi kwa urefu wake. Lakini limejengwa hatua kwa hatua, na kila hatua yaonekana. (Matamshi nayaandika kwa herufi zetu za Kiswahili, ingawa hazitoshi kwa irabu zote za Kiingereza.) Mwanzo ni kitenzi 'constitute', kitamkwacho kónstityut. Kikitiwa -ion twapata konstityúshan. Tena -al, ndipo kivumishi konstityúshanal. Kisha un- ya kukanusha. Mwisho -ly, ifanyayo kielezi. Silabi ni saba: an-kon-sti-tyú-sha-na-li.

Msomaji na atazame alama ya mkazo. Umehama mara moja tu, ilipoingia -ion, kwani kiambishi hicho huuvuta mkazo hadi silabi inayokitangulia. Viambishi vilivyofuata havikuugusa. Hapa ndipo masikio yetu yatudanganyapo. Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili toka mwisho, na neno likirefuka nao husogea: píka, pikísha, pikishána. Basi Mswahili aionapo -ly, ulimi wake husema -shanáli, naye Mwingereza hupotea, kwa kuwa hulitambua neno kwa ile silabi yenye nguvu. Zile dhaifu huzisikia zimefifia. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisoma ng'ambo, nalilitamka neno hili mbele ya darasa, na sikueleweka mpaka nilipoliandika ubaoni.

Kiambishi -ly chenyewe kina asili ya kupendeza. Katika Kiingereza cha kale kilikuwa -lice, nacho chatokana na lic, yaani mwili au umbo. Sisi namna ya jambo huitia mwanzoni, kama katika kitoto na vizuri. Wao huitia mwishoni.

Maandishi nayo si ya kuaminiwa. 'Basically' laandikwa kana kwamba lina silabi nne, lakini kwa kawaida hutamkwa kwa tatu: béi-sik-li. 'Uncharacteristically' laandikwa kwa nane, lasemwa kwa saba: an-ka-rak-ta-rís-tik-li. Ile -al- iliyo kati ya -ic na -ly huandikwa tu. Mkazo umekwisha kuwekwa na -ic juu ya silabi iliyo kabla yake. (Ajabu ni kwamba 'Arabic', jina la lugha iliyotupa maneno mengi, halitii kanuni hiyo: husemwa Árabik.)

Kwa hiyo mwalimu asimfundishe mwanafunzi kuhesabu silabi toka mwisho. Amwambie atafute kivumishi kilichomo, akitamke sawasawa, ndipo aongeze -ly pasipo kuusogeza mkazo. Njia hii humfikisha karibu kila mahali, ila katika vivumishi viishiavyo kwa -ary. 'Necessary' ni nésasari, lakini kielezi chake Wamarekani hukitamka nesasérili, na Waingereza wengi siku hizi husema vivyo hivyo, ijapokuwa wangaliko washikao nésasarili.