Mfuatano, Muundo na Umbo: Istilahi za Bioinfomatiki na Biolojia ya Miundo

Utangulizi

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanazidi kukutana na maandishi ya fani mbili ambazo sasa zina wanafunzi, wahadhiri na watafiti wake hapa Afrika Mashariki, nazo ni bioinfomatiki na biolojia ya miundo. Maandishi hayo hayaishii vyuoni. Huteremka hadi katika fomu za ridhaa za hospitali, vipeperushi vya afya na vitabu vya shule, na huko ndiko neno lililochaguliwa vibaya linakoleta madhara.

Katika makala haya tutaeleza istilahi chache za msingi za fani hizo na kutoa sababu za kupendelea neno hili kuliko lile. Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumechukua mfano mmoja wenye asili yake hapa nchini, yaani ugonjwa wa seli mundu na takwimu zilizokusanywa Musoma.

Takwimu za Musoma

Kata ya Mugeta imo katika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara. Wakati wa ukoloni nchi hiyo ya kando na jirani ya Ziwa Viktoria, pamoja na Butiama, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Musoma ya Tanganyika. Daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alifanya uchunguzi wa damu katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mtu aliyerithi jeni ya seli mundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi fulani dhidi ya malaria. Mwaka 1956 alichapisha takwimu za Musoma, ambazo hadi leo hutumika katika vitabu vingi vya elimu ya urithi duniani.

Takwimu zenyewe ni hizi. Kati ya watoto wachanga 287 waliopimwa, 189 hawakuwa na jeni hiyo, 89 walikuwa wameirithi kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa wameirithi kwa wazazi wote wawili. Kati ya watu wazima 654, hesabu ilikuwa 400, 249 na 5. Msomaji akigawanya ataona kwamba kundi la kati ni asilimia 31 ya watoto, lakini ni asilimia 38 ya watu wazima. Na kundi la mwisho linashuka kutoka asilimia 3 hadi kutofikia asilimia 1. Maana yake ni nzito: wengi wa kundi la mwisho walikufa kabla ya kufikia utu uzima, na wale wa kundi la kati walinusurika kuliko wenzao wote, kwa sababu malaria haikuwapata kwa ukali uleule.

Yafaa tuone hapa kwamba takwimu hizi zina makundi matatu. Lugha yenye majina mawili tu, “mgonjwa” na “mzima”, haiwezi kuzieleza.

Vinasaba, jeni na mbeba jeni

Katika maandishi mengi ya afya tunakuta sentensi kama hii: “Mtoto amekutwa na vinasaba vya seli mundu.” Sentensi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kila kiumbe kina vinasaba. Hakuna anayekutwa navyo kama anavyokutwa na vimelea vya malaria. Pili, haisemi kama mtoto yumo katika kundi la pili au la tatu.

Tuchukue mzazi wa Mugeta anayesomewa sentensi hiyo. Akielewa kwamba mtoto ni mgonjwa, kumbe ni wa kundi la pili, atahangaika bila sababu. Akielewa kwamba mtoto ana asili tu ya ugonjwa, kumbe ni wa kundi la tatu, hatampeleka kliniki mapema, na kuchelewa huko kwaweza kugharimu uhai. Tanzania imo miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu; makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Kwa hiyo jambo hili si la wanaistilahi peke yao.

Twapendekeza mgawanyo ufuatao. Vinasaba liendelee kuwa jina la ile dawa ya urithi iliyomo ndani ya seli, kama linavyotumika mahakamani na magazetini, hasa tangu Bunge lilipotunga sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu. Jeni liwe jina la kipande maalumu cha vinasaba chenye maagizo ya kutengenezea kitu fulani, kwa kawaida protini. Aliyerithi jeni ya seli mundu kwa mzazi mmoja aitwe mbeba jeni, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili aitwe mgonjwa wa seli mundu. Kwa istilahi hizi nne mwuguzi aweza kusema bila utata: baba na mama wakiwa wabeba jeni, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuwa mgonjwa ni mmoja katika minne, wa kuwa mbeba jeni ni miwili katika minne, na wa kutoirithi kabisa ni mmoja katika minne.

Mfuatano, muundo na umbo

Tukiingia sasa ndani ya seli, tunakutana na maneno matatu ambayo wafasiri huyabadilishana kana kwamba ni kitu kimoja.

Protini ni mnyororo wa vijenzi viitwavyo asidi amino. Mfano ulio karibu ni uzi wa shanga za rangi ishirini tofauti, ambao haukai umenyooka, bali hujikunja na kujifunga kwa namna ileile kila mara. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ina nyuzi nne za namna hiyo: mbili zenye shanga 141 kila moja, na mbili zenye shanga 146.

Mpangilio wa shanga kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ndio mfuatano. Jinsi uzi ulivyojikunja, na mahali ilipo kila atomi ndani yake, ndio muundo. Sura ya nje ya kitu, kama ionekanavyo kwa hadubini, ndiyo umbo.

Ugonjwa wa seli mundu unayaunganisha yote matatu. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa inatofautiana na ya kawaida katika sehemu moja ndogo tu. Mwaka uliofuata alibainisha tofauti hiyo: katika nafasi ya sita ya uzi wenye shanga 146, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Hilo ni badiliko la mfuatano. Valini haipendi maji, kwa hiyo hemoglobini ikishaachia oksijeni hutafuta mahali pa kujibanza katika molekuli ya jirani, nazo hushikamana na kuwa nyuzinyuzi ndefu. Hilo ni jambo la muundo. Nyuzinyuzi hizo huisukuma seli ya damu hadi ikapinda kama mundu wa mkulima. Hilo ni badiliko la umbo, na ndilo lililoupa ugonjwa jina lake zuri la Kiswahili.

Biolojia ya miundo au ya maumbo?

Wapo wanaopendelea kusema “biolojia ya maumbo”. Sisi twaona kwamba “biolojia ya miundo” ni bora. Umbo hutaja zaidi sura ya nje, ilhali mtaalamu wa fani hii huchunguza hasa mpangilio wa ndani. Neno muundo limekwisha kuzoeleka kwa maana hiyo: mwalimu hufundisha muundo wa sentensi, na mtumishi wa serikali anaujua muundo wa utumishi wa kada yake. Isitoshe, wataalamu hugawa muundo wa protini katika ngazi nne, na ngazi ya kwanza ni huo mfuatano wenyewe. Hivyo twaweza kusema muundo wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Lakini “umbo la kwanza” halileti maana yoyote.

Njia kuu ya zamani ya kupima muundo ni kuifanya protini iwe fuwele, kupitisha eksirei ndani yake, na kukokotoa mahali pa kila atomi kutokana na jinsi miale ilivyotawanyika. Fuwele ni neno letu la siku nyingi, na elimu hiyo yaweza kuitwa elimufuwele bila kukopa.

Kuhusu fani ya pili, baadhi ya watu huiita “biolojia ya kompyuta”. Jina hilo linataja chombo badala ya kazi, ni kama kuuita ushonaji “kazi ya cherehani”. Kiini cha fani ni taarifa za viumbe: kuzikusanya, kuzihifadhi, kuzilinganisha na kuzifasiri. Margaret Dayhoff wa Marekani alichapisha mkusanyo wa mifuatano ya protini mwaka 1965, na mwaka 1971 ilianzishwa hifadhidata ya miundo ya protini ikiwa na miundo saba tu. Sasa imepita 200,000. Kwa kuwa fani ina jina linalofahamika duniani, twaona yatosha kuliswahilisha na kuwa bioinfomatiki, na mtaalamu wake akawa mwanabioinfomatiki, mradi mfasiri aeleze maana mara ya kwanza anapolitumia.

Tahadhari moja yahitajika. Tangu mwaka 2021 programu ya AlphaFold imetoa miundo ya protini kwa mamilioni, na Demis Hassabis na John Jumper walishirikiana na David Baker Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024. Miundo hiyo imetabiriwa, haikupimwa. Mfasiri asiandike “umegunduliwa” wala “umethibitishwa”. Neno utabiri linatosha, nasi tumelizoea katika taarifa za hali ya hewa, ambako kila msikilizaji anajua kwamba mvua iliyotabiriwa si mvua iliyonyesha.

Ngazi za taaluma

Barua za ajira na vyeti vya wataalamu hawa huwapa taabu maofisa utumishi. Mwenye kuifuata taaluma hii huanza na shahada ya kwanza ya biolojia, kemia, hisabati au kompyuta, kisha shahada ya uzamili. Bioinfomatiki husomeshwa katika ngazi hiyo, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Pwani nchini Kenya na Makerere nchini Uganda. Hufuata shahada ya uzamivu. Baadaye wengi hufanya kazi ya mkataba katika maabara ya mtaalamu mwingine. Hiyo si shahada ya nne, na kuiita “uzamivu wa juu” ni kupotosha. Anayeifanya ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Kutoka hapo ndipo hupanda kuwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa.

Safari hiyo ni ndefu. Max Perutz alianza kuichunguza hemoglobini mwaka 1937; muundo wake ulichapishwa mwaka 1960, na mwaka 1962 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew.

Hitimisho

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali huko Mugeta husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha hufika sekondari na kuikuta lugha nyingine. Akiwa amekwisha kutenganisha mfuatano, muundo na umbo kwa lugha anayoifikiria, huko mbele atajifunza majina mapya tu ya mambo anayoyajua. Akiwa hakuyatenganisha, atakariri.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, kabla fani hizi hazijaenea kwetu. Hatuna budi kuiendeleza kazi ile. Walimu wayajaribu mapendekezo haya darasani, wafasiri wayapime katika fomu za ridhaa, na wote watuandikie pale neno linapokwama. Istilahi huthibitika kwa kutumika, na kipimo cha hizi ni kama mzazi wa mtoto aliyepimwa damu ataondoka kliniki akijua mwanawe yumo katika kundi lipi kati ya yale matatu.